Sahihi ya Shemeji

Kituo cha Umeme
Alhamisi, 4 Februari

Shemeji Koki,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Karatasi tatu za juu ni namba za mita za wiki hii. Hii ya nne ni yako, ichomoe kabla karani wako hajaingiza pua. Mkaguzi wa darajani ni yule yule. Akifungua bahasha akakuta namba tupu, anaifunga haraka kama mtu aliyefungua choo chenye mwenyewe.

Dada yangu hajambo? Mwambie wodi yake ya wazazi haitakimbia akija kupumzika kwangu wiki mbili. Tangu mpige kura ya kuwa nchi yenu wenyewe na ile serikali yenu ya zamani iwaletee jeshi, ni miezi saba sasa, na mwaliko wangu ni ule ule. Najua atakataa. Baba alipokupa yule binti alidhani anampa mhandisi, kumbe mfungua koki, na bado dada hataki kukuacha hata siku mbili. Sijui ulimlisha nini.

Jana usiku Waziri wetu wa Mambo ya Nje alizungumza redioni. Alisema kila taifa lina haki ya kujiamulia mambo yake, kwamba watu wa ng'ambo ya mto wameamua, na sisi tunauheshimu uamuzi wao kwa kukaa mbali nao. Usinikasirikie, shemeji, lakini mimi nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Unajua kwa nini. Kaka yetu mkubwa alipelekwa kwenye vita ya watu ambao hata jina la mji wao hakuweza kulitamka, na kilichorudi ni kofia yake na barua ya pole yenye jina lililokosewa. Mama aliiosha ile kofia mpaka ikapauka. Nikaapa kwamba kiongozi yeyote atakayesema vita ya jirani si yetu, kura yangu anayo. Na nilimpa.

Swali la kikazi: ile jenereta mnayojivunia bado inakohoa, au mmeigeuza banda la kuku? Nijibu kweli.

Wako,
Swichi


Nyumba ya Pampu
Jumatatu, 8 Februari

Shemeji Swichi,

Matusi yamefika salama. Dada yako amesoma hilo la choo akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema haji. Wiki hii wamejifungua kumi na mmoja. Anasema watoto wa siku hizi wana haraka, sijui wanawahi nini huku nje.

Hapa kazini vioo vya madirisha vimekwisha vyote, tumeweka magunia ya mchanga. Nafanya hesabu zangu chini ya meza ya chuma, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, si pombe. Pampu zote mbili zinavuta. Laini yako haijakatika hata dakika moja tangu Desemba, hongera, sikujua kama unaweza kukaa macho zamu nzima.

Kuhusu Waziri wenu. Ile siku ya kura, foleni ilianzia sokoni ikaishia nyuma ya shule. Dada yako alivaa viatu vyake vya harusi, vikamkata, akapiga kura peku. Hatukumwomba mtu ruhusa na hatujamwomba mtu jeshi. Lakini hiyo heshima ya kukaa mbali mimi siielewi. Jirani yangu akivunjiwa mlango, nikazima taa nikajifanya nimelala, asubuhi nimwambie nilikuwa namheshimu? Mwenzako akinyolewa, shemeji, zako tia maji. Kaka yenu namkumbuka na namheshimu. Ila yeye alipelekwa kupigana. Nani huku amewaambia mje kupigana?

Jenereta ipo. Inanguruma vizuri mno, na mafuta ni ya miezi miwili. Tunaipumzisha tu kwa kuwa umeme wenu upo. Sisi si watu wa kulala giza, usituhurumie.

Koki


Kituo cha Umeme
Alhamisi, 11 Februari

Shemeji,

Umenitua mzigo. Sasa naweza kukueleza nilichokuwa nimekificha.

Swali la jenereta halikuwa utani. Mwezi uliopita tuliapishwa wote kituoni tusitoe neno, lakini tangazo linatoka kesho, kwa hiyo kiapo kimeisha nguvu. Wizara imeagiza laini inayovuka mto ikatwe Jumatatu tarehe 22, saa kumi na mbili asubuhi. Wanasema umeme wetu ukiendelea kuwaka kwenu, ile serikali ya zamani itasema tumechukua upande, na kesho makombora yatatua huku. Mtu wa kawaida huku anaogopa, shemeji. Majirani zangu wameanza kuchimba mashimo uani.

Bosi aliniita akaniuliza, "Wakikatiwa, maji yao yatatoka?" Nikampa barua yako aisome, ule ukurasa wa jenereta tu. Akafurahi kuliko mimi. Ameandika kwenye ripoti kwamba mji wa ng'ambo unajitosheleza na hakuna raia atakayeumia, na ripoti iko mezani kwa Waziri.

Hati ya kukata laini nimeiambatanisha. Unaijua, ni ile ile tuliyoijaza miaka kumi na tisa: laini haikatwi mpaka mtu wa upande wa pili asaini kwamba mafundi wake wameshuka nguzoni na ana umeme wake mwingine. Weka sahihi, irudishe Jumatatu. Vita ikiisha tutaiwasha tena, mimi mwenyewe nitabonyeza.

Swichi


Nyumba ya Pampu
Jumatatu, 15 Februari

Shemeji,

Asante kwa kunieleza. Namba za mita ndizo hizo. Mita ya pili inaruka kidogo, itazame.

Dada yako amesuka nywele, amependeza. Paka wa nyumba ya pampu amezaa ndani ya kabati la vipuri, sasa nikitaka boliti lazima nimwombe msamaha mama mzazi. Mvua imeanza na mto umejaa tope.

Ile hati nimeiweka mahali na sasa sikumbuki wapi. Nitaitafuta. Kwani lazima iwe tarehe 22? Mvua zikiisha si vizuri zaidi? Waulize wakubwa wako, wasiharakishe. Mambo ya haraka haraka unayajua.

Koki


Kituo cha Umeme
Alhamisi, 18 Februari

Shemeji Koki,

Umeninunia. Usikatae. Mtu ambaye hajawahi kuchelewesha karatasi hata siku aliyoumwa malaria, leo hati imempotea? Na kuniandikia habari za paka!

Nakuelewa. Kusaini karatasi ya kujikatia umeme mwenyewe ni kama kuambiwa ujichape kiboko halafu useme asante. Mimi pia ningenuna. Basi sitaki uaibike mbele ya watu wako, na sitaki bosi aanze kuulizauliza kwa nini hati haijarudi. Nimefanya kama tunavyofanyaga mto ukifurika na bahasha ikishindwa kuvuka: nimechukua hati nyingine na nimekusainia. Sahihi yako naijua kuliko wewe, mpaka ule mkia unaouvuta mwishoni kama unafunga mzigo. Wewe si umenisainia mara ngapi? Ile wiki ya msiba wa mama ulinisainia siku tano mfululizo, na hakuna aliyejua.

Jumatatu saa kumi na mbili washeni jenereta. Na ukimaliza kununa, niandikie.

Swichi


Wodi ya Wazazi
Jumatano, 24 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea dereva wa gari la wagonjwa. Isome ukiwa umekaa.

Jenereta hatuna. Ilipigwa na kombora tarehe 9 Januari, ikaungua mpaka saruji iliyokuwa chini yake ikapasuka. Halmashauri ya mji ilikataza mtu yeyote asiseme, kwa sababu adui akijua kwamba maji ya watu elfu arobaini yananing'inia kwenye laini moja, atapiga nguzo zake na kazi imekwisha. Mume wangu alikula kiapo kama wewe ulivyokula chako. Na hata bila kiapo asingekwambia. Wewe ni ukweni kwake. Mwanamume huyu alipokuja kuniposa alikuwa hajala siku nzima, akakataa chakula cha mama mara mbili akisema ameshiba. Ndivyo alivyo. Mimi nilimwambia mficha uchi hazai, mwandikie mdogo wangu ukweli kwa njia yoyote. Akasema, "Sitatia sahihi. Mdogo wako ananijua, akiona sijarudisha karatasi ataelewa."

Na wewe ukaelewa kwamba amenuna.

Jumatatu saa kumi na mbili pampu zilinyamaza. Tangi la juu lilikauka saa kumi jioni. Tangu hapo watu wanateka mtoni kwa ndoo, na wale wenye bunduki mlimani wanawaona. Jana walipigwa wawili ukingoni. Shemeji yako ametoboa ukuta wa nyuma wa nyumba ya pampu ili watu wapite kwa kujificha, na yeye yuko pale tangu alfajiri anapokea ndoo. Mikono yake imechubuka yote. Siri haina kazi tena, mji mzima umekauka, ndiyo maana nakuandikia.

Kwangu wamejifungua watatu tangu Jumatatu. Nimewapokea kwa maji ya tope niliyoyachemsha, nusu ndoo kwa mama na mtoto. Mmoja ana homa kali. Ana miaka ishirini. Jana aliniuliza kama ni kawaida, nikamwambia ni kawaida. Mimi, mdogo wangu, nimedanganya.

Sikulaumu kwa kuchukia vita. Kaka nilimlilia pamoja na wewe, kofia ile niliianika mimi. Lakini uliuliza habari ya jenereta huku unaomba jibu liwe ndiyo, ukapewa ndiyo, ukalala usingizi. Nina hasira na wewe na nakupenda, na leo vyote viwili vinanichosha.

Dada yako


Nyumbani
Alhamisi, 4 Machi

Dada, na wewe Koki,

Barua hii inakuja kwa dereva kwa sababu bahasha ya kazi sina tena, wala kazi sina. Nawaeleza kwa mpangilio, ili mkiulizwa mjue la kusema.

Dereva alinikabidhi barua ya dada Alhamisi iliyopita mlangoni mwa kituo. Niliisoma nimesimama, dada, nisamehe, halafu nikakaa chini kwenye kokoto. Mlinzi alidhani nimefiwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa bosi nikamwambia wale watu hawana umeme, turudishe laini. Akasema amri ni ya Waziri, na kwamba kuirudisha sasa ni kuingilia vita. Nikamwambia laini ilikuwepo kabla ya vita, kuiacha haikuwa kuingilia. Tulipoikata ndipo tulipoingia, tena upande wa wenye bunduki mlimani. Akanifukuza ofisini kwa upole. Si mtu mbaya. Ana watoto wawili wa umri wa kuitwa jeshini, na picha zao ziko mezani pake.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nikarudi nikamwambia kitu kingine. Nikamwambia: ile sahihi kwenye hati nimeighushi mimi. Mtu wa ng'ambo hakusaini, alikataa kusaini, na kwa kanuni zetu laini iliyokatwa bila sahihi halali haijakatwa, imeharibiwa. Akainuka akafunga mlango. Kwa sababu ripoti aliyopeleka kwa Waziri imesimama juu ya ile hati na ile barua yako, Koki, na vyote viwili ni uongo. Alipiga simu mbele yangu. Wizarani nao wakaogopa, maana huko nje kila siku wanajisifu kwamba hawajamgusa raia. Jumamosi saa nane mchana wakaagiza laini irudishwe "mpaka uchunguzi ukamilike". Hawakuniruhusu kubonyeza. Nilisimama nje ya uzio, nikasikia ile transfoma ikianza kuvuma, nikalia kama mtoto mbele ya mlinzi yule yule.

Nimesimamishwa kazi na nimefunguliwa kesi ya kughushi. Mwanasheria anasema kifungo kinaweza kufika miaka mitatu.

Sasa sikia, Koki, na safari hii usinielewe vingine. Kamati itakuja kwako na ile hati. Watakuuliza swali moja: hii sahihi ni yako? Najua roho yako. Utataka kusema ndiyo ili mimi nipone. Ukisema ndiyo, hati inakuwa halali, na jioni hiyo hiyo wanakata. Sema si yako. Nimekulia na mke wako, nimekula chumvi yako, nakuomba kwa hayo yote.

Bado sitaki vita, msinielewe vibaya. Waziri akisema leo vijana waende ng'ambo kupigana, nitaandamana barabarani. Ila nilidhani kukaa mbali maana yake ni kutofanya kitu, na mimi nilifanya kitu. Nilivuta swichi juu ya dada yangu.

Yule binti mwenye homa anaendeleaje? Niambieni hata kama ni vibaya.

Swichi


Nyumba ya Pampu
Jumatatu, 15 Machi

Shemeji,

Binti alifariki Ijumaa ile, siku moja kabla umeme haujarudi. Mtoto yupo, wa kike, ana sauti ya kuamsha mtaa. Dada yako ndiye aliyemfunga macho mama yake, na ameniambia nikuandikie hivyo hivyo bila kupunguza.

Maji yalifika wodini Jumamosi saa tisa na robo. Mabomba yalitapika tope kwanza, halafu hewa, halafu maji. Watu walitoka nje na masufuria wakawa wanagongana kama wehu. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni karibu na pampu ya pili. Ilipoanza kuzunguka nilidhani naota.

Kamati ilikuja jana. Watu watatu, wawili wenu na mmoja wetu. Waliketi kwenye masanduku kwa sababu viti tulivichoma kuchemshia maji. Mkubwa wao akatoa hati kwenye mfuko wa plastiki, akaniwekea magotini. Shemeji, kazi yako ni safi. Hata mimi ningeapa ni yangu.

Barua yako nilikuwa nayo ndani ya shati. Nilikuwa nimeisoma mara sita, na bado mdomo ulitaka kusema ndiyo. Mtu amekaa miaka kumi na tisa upande wa pili wa laini, hajakulaza giza ila wiki ile moja, amekupa dada yake, halafu unaulizwa neno moja la kumwokoa na unaambiwa ulimeze. Yule mkubwa akauliza tena. Dirishani, kwenye pengo la magunia, niliona akina mama wamepanga foleni bombani, hakuna anayekimbia, wanapiga umbea tu kama zamani.

Nikasema si yangu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, aliyeandika hii ni shemeji yangu, na sikumruhusu. Yule mkubwa aliandika kila neno. Nikatia sahihi chini, ya kwangu halisi, na kwa vidole hivi vya makovu ikaonekana hiyo ndiyo ya kughushi.

Nisikufiche, sitakuficha jambo lolote tena maisha yangu yote. Mimi ndiye niliyekudanganya habari ya jenereta, na kiapo kilikuwa kisingizio kizuri tu. Ningeweza kupata njia. Niliona aibu kaka wa mke wangu ajue kwamba nchi yetu tuliyoipigia kura haina hata mashine moja ya kuwasha taa. Hayo yote niliiambia kamati bila kuulizwa. Wenu waliniangalia vibaya, wetu akaangalia chini.

Wameniandikia niwe shahidi wa serikali kwenye kesi yako, tarehe 6 Aprili. Nimekubali. Wakishamaliza la sahihi, nitamwomba hakimu dakika tano, nimweleze ni nani aliyeanza uongo. Dada yako anakuja nami, na anambeba yule mtoto. Ndugu za mtoto wote wako upande wa pili wa mapigano, kwa hiyo kwa sasa ni wa kwetu. Dada yako anasema hakimu akimwona huyu akisikia na sauti yake, atafupisha kesi.

Wanasema daraja linaweza kufungwa kabla ya hapo. Wakilifunga nitaogelea, na wewe unajua vizuri kabisa kwamba mimi kuogelea sijui.

Shemeji yako,
Koki